Kona ya Godoro la Riziki

Tangu nirudi, kila anayepita uani kwangu hapa Nundu anasimama kutazama kamba ya nguo. Katikati ya mashati yangu nimeanika vipande viwili vya godoro, vimeshonwa mfano wa soksi fupi, vina rangi ya njano iliyoingiliwa na udongo mwekundu. Ninyi wa kwaya mmenicheka vya kutosha. Mmoja wenu amesambaza habari kwamba nimeanza kulala kwenye vipande vipande kama panya. Basi kaeni, niwaeleze yaliyotokea kati ya hapa na Ilungu, kisha mnihukumu.

Mnajua kwamba mdogo wangu Riziki alikuwa anaolewa kule Ilungu, juu mlimani, mbele ya Fizi, anakoishi baba yetu. Msilolijua ni kwamba alikuwa ameweka sharti moja. Katika ukoo wetu bibi arusi hatoki nyumbani kwa miguu yake tu. Shangazi yake hutandika zawadi yake mlangoni, bibi arusi huikanyaga, kisha shangazi humshika mkono na kumtoa. Wengine siku hizi humweka mama mkubwa au jirani. Riziki alikataa. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, na Shangazi Feza, dada yake baba, ndiye aliyemchukua na kumlea kule Ubwari. Akanitumia sauti kwa simu: "Kaka, Shangazi akikosa, mi sitoki mu nyumba. Unilete Shangazi."

Nikamjibu kwamba nitamleta. Mke wangu ananifahamu, nikishasema neno siligeuzi, naye huita hiyo kiburi. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Niliondoka hapa Alhamisi asubuhi.

Nundu hadi Baraka: vumbi la kwanza

Kiangazi kilikuwa kimekolea. Mvua ilikuwa haijaonekana kwa muda mrefu, na kila lori lililonipita liliniachia wingu nililolila kwa pua na kwa meno. Pikipiki yangu ni ile ndefu ya porini, yenye magurudumu ya mabonge, imezeeka lakini haijawahi kuniangusha. Kabla sijafika nusu ya njia ikaanza kukohoa. Nikikaza mkono inavuta pumzi, inasita, ndipo inakwenda.

Nikasimama kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wadogo wa ndagala na mikate ya mafuta kando ya barabara. Nikala mikate minne nikiwa nimechuchumaa mbele ya injini. Mama yule akaisikiliza, akasema, "Hiyo iko na kifua. Mutoto wangu alikohoa vile, tukamupeleka hôpital."

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Pikipiki ilikuwa na kifua. Chini ya kiti kuna kikapu kidogo cha plastiki kilichovikwa sponji, nayo ndiyo filta ya hewa. Hewa ya injini hupita hapo kwanza, vumbi hubaki kwenye sponji. Likijaa vumbi, injini hukosa pumzi. Langu lilikuwa limejaa, nami nilikuwa nimeahirisha kulisafisha tangu mvua zilipokwisha. Hilo kosa ni langu, sina wa kumsingizia.

Baraka: siku ya kungoja

Mashua ya Shangazi kutoka Ubwari ilitakiwa kufika Alhamisi mchana. Saa nane alinipigia kwa simu ya kuazima, akasema, "Tuko mu njia." Saa kumi akapiga tena, akasema vilevile. Nikasimama ufukweni nikiangalia kila mashua inayokaribia. Baadaye nikajua kwamba wakati wote huo "njiani" ilikuwa palepale kwenye ufukwe wa kwao. Mwenye mashua alikuwa amekataa kupakia mzigo wa Shangazi akisema unashika upepo, naye akakataa kuuacha. Akaketi juu ya mzigo mpaka mwenye mashua mwingine akamhurumia.

Sikutaka kupoteza siku bure. Nilizunguka Baraka yote nikitafuta filta mpya. Kuna fundi aliyenionyesha moja ya karatasi, ya pikipiki ndogo za mjini, akaniapia kwamba itaingia. Tulijaribu. Ilielea ndani ya kikapu kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Nikamwambia asante. Akanikasirikia kana kwamba ni mimi niliyefanya filta iwe ndogo.

Basi nikaifungua mwenyewe nyumbani kwa rafiki aliyenikaribisha. Nilitoa kiti, nikaziba mdomo wa bomba la hewa kwa kitambaa ili mchanga usitumbukie, nikalitoa sponji. Lilikuwa zito na jeusi. Nikalifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikilikamua kwa kulibana viganjani, maana ukilisokota linachanika. Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa udongo. Ya tano yakatoka meupe. Nililianika kivulini, na hapo nikaona kwamba lilikuwa limeanza kuchakaa. Ukilivuta kidogo, chembe zake zinabaki kwenye vidole. Nikajiambia litafika Ilungu na kurudi.

Ijumaa asubuhi Shangazi Feza akashuka majini, amekunja kitenge hadi magotini, ameshika kidumu cha mawese mkono mmoja. Nyuma yake wanaume wawili walibeba godoro la sponji lililokunjwa na kukazwa kwa mipira ya tairi. Huo ndio mzigo wenyewe.

Mimi nimerithi jina la baba yake, Asende, kwa hiyo Shangazi huniita Papa, na akitaka kunigombeza hunigombeza kwa heshima. Alitazama pikipiki iliyovuliwa kiti.

"Papa, ni hii njo itatupandisha mulima?"

"Njo hii, Shangazi."

"Na godoro?"

"Na godoro."

"Haya. Tutaona."

Nikamuuliza kwa nini asipeleke vitenge au sahani kama mashangazi wengine. Akanijibu huku anakaza mipira. "Ule mutoto alikuya kwangu akiwa mudogo, tukalala mukeka moya miaka yote. Siku baridi alikuwa analia mbavu. Nikamuambia, siku ya ndoa yako utalala ku godoro, na ni miye nitakupa. Nimelima mihogo ya hii godoro, Papa. Siwezi kumupa sahani."

Sponji lilikuwa limekauka. Lilibaki kupakwa mafuta, kwa sababu sponji kavu halishiki vumbi. Lazima liwe na unyevu wa mafuta kidogo ili vumbi linate. Wengine hutumia mafuta ya injini. Sisi waendesha pikipiki wa ziwani tuna desturi yetu, nanyi mnaijua: tunapaka mawese. Kila nyumba inayo, nayo hunata vizuri. Nimefanya hivyo miaka na miaka. Shangazi akafungua kidumu chake kwa fahari.

"Kamata. Hii mafuta nimepika mwenyewe. Inaingia mu mboga ya sombe, inaingia mu taa. Haiwezi kukosa kuingia mu piki-piki."

Nikapaka, nikakamua, nikarudisha. Injini ikanguruma vizuri hata watu wakageuka. Nilijiona fundi.

Baraka hadi Fizi: mgonjwa asiyeugua

Tulivuka mto Mutambala, kisha barabara ikaanza kupanda. Mimi mbele, Shangazi katikati, godoro nyuma yake likimshikilia mgongo, kidumu ubavuni. Na hapo ndipo mambo ya pole yalipoanza. Kila tuliyempita alivua kofia au kusimamisha jembe.

"Poleni. Mungu amusaidie mugonjwa."

Kwetu, ukimwona mama mtu mzima kwenye pikipiki na godoro lake nyuma, unajua anapelekwa kulazwa. Sikulifikiria hilo kabla. Mwanzoni Shangazi alikuwa akiitikia kwa adabu. Mtu wa kumi alipompa pole, akanigonga bega.

"Simama. Niwaambie kama siko mugonjwa."

"Shangazi, tukisimama kwa kila mutu hatutafika."

"Banatabiri magonjwa juu ya godoro ya mwari wangu, na weye unanyamaza?"

Njiani tulikuta lori la mihogo limekatika ekseli, limelala kwa upana, upande mmoja ukingo wa mlima, upande wa pili korongo. Watu wengi walikuwa wameketi, wengine wanachoma mahindi. Walipotuona wakaanza kusogeza mawe wenyewe. Kijana mmoja akapiga kelele kwamba mgonjwa apite kwanza. Nilikuwa tayari kukaa kimya na kupita kwa huruma hiyo. Shangazi alishuka.

"Bandugu, aksanti. Lakini miye siko mugonjwa. Naenda kumutoa binti yangu ku ndoa, kesho, kule Ilungu. Hii godoro ni yake. Kama munataka kutusaidia, mutusaidie juu ya hiyo."

Watu wakaanza kucheka. Wanaume sita wakaishika pikipiki, wakaipitisha juu ya kingo ya mawe huku wanaimba, na kina mama wakalibeba godoro kwa kupokezana ili lisiguse chini. Mmoja akampa Shangazi hindi la kuchoma kwa ajili ya bibi arusi. Nilijisikia mdogo, lakini nilifurahi.

Pamoja na msaada huo, tulikuwa tumepoteza saa tatu. Fizi tulikula bugali na maharagwe kwa haraka, nikajaza petroli. Fizi ndipo mahali pa mwisho penye mtandao, na sauti ya Riziki ilikuwa inaningoja; alikuwa amempa simu kijana aliyeshuka sokoni aitume. Safari hii hakuwa na utani.

"Kaka, bakwe zetu banasema kesho wakati wa saa sita wanarudi, juu njia yao iko murefu na batatembea kwa miguu. Bamesema kama sijatoka, watajua nimekataa. Papa ananikasirikia. Lakini mi nimesema. Muko wapi?"

Shangazi aliisikiliza mara mbili, simu ameibana sikioni. "Twende," akasema. Hakumaliza maharagwe yake.

Chini ya mlima: mafuta yaliyolala

Baada ya Fizi hakuna tena barabara ya gari, ni njia ya miguu na ya pikipiki. Jua lilipoanza kuegemea, hewa ikapoa, na pikipiki ikaanza kusita tena. Nilisema ni uchovu. Tulipofika kijiji cha mwisho kabla ya kupanda Ilungu, ilikuwa inakwenda mwendo wa mbuzi. Tukapokewa na Baba Nestori, Mrundi aliyekimbilia huku miaka mingi iliyopita na sasa analima na kusaga unga kwa mashine yake. Hatukuwahi kuonana. Mkewe, Mama Diane, alitupa chumba, akalipa godoro letu nafasi nzuri kuliko yangu.

Jumamosi alfajiri niliamka na baridi inayouma vidole. Kutoka pale hadi Ilungu ni saa mbili kwa pikipiki, kwa miguu ni siku nzima. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikapiga mateke. Injini ikawaka, ikanguruma kidogo, ikazimika. Nikapiga tena. Ikazimika tena.

Nilitoa plagi, nikaisugua, nikairudisha. Hapana. Baba Nestori akaja amejifunika blanketi.

"Kaka yangu, iko maji mu esansi," akasema kwa upole. "Huku juu ni hivyo."

Tukamwaga petroli ya kabureta, tukaiangalia kwenye kikombe. Ilikuwa safi. Nikafungua kabureta nzima, nikaipuliza kila tundu. Kufikia saa mbili nilikuwa bado naipiga mateke. Filta sikuigusa hata kidogo. Nilikuwa nimeisafisha juzi kwa mikono yangu, nikiamini ndicho kitu pekee kizima. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimekata tamaa na sikutaka kukubali. Nilipiga hesabu ya kumbeba Shangazi mgongoni, nikaona ni upuuzi, nikaipiga tena.

Jikoni Shangazi alikuwa na Mama Diane. Mgeni mwenye adabu hali mboga ya mwenyeji bila kutoa kitu, kwa hiyo alitaka kumpa mawese ya kukaangia maharagwe. Nilimwona mlangoni ameinamisha kidumu juu ya sufuria. Hakikutoka kitu. Akakigeuza chini juu. Hakikutoka kitu.

"Ona," akamwambia Mama Diane huku anacheka, "huku kwenu mafuta inalala mpaka jua itoke. Leta karibu na moto, iamuke."

Akakiweka kidumu kando ya mafiga.

Spana iliniponyoka. Nikang'oa kiti, nikalitoa sponji. Lilikuwa gumu, rangi ya chungwa, limeganda kama kipande cha sabuni. Mawese ya ziwani yanakaa laini kwa sababu ziwani ni joto. Mlimani, asubuhi ya kiangazi, yanaganda, na nilikuwa nimeiziba pua ya pikipiki yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Na ile desturi ninayojivunia, hakuna hata mmoja wetu wa ziwani aliyewahi kuipandisha mlimani kuijaribu.

Niliogopa kumwambia Shangazi kwamba ni mafuta yake. Alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Ni mafuta yangu, Papa?"

"Ni mimi, Shangazi. Mafuta haina kosa."

"Fua. Saa inaenda."

Mama Diane akaleta maji ya moto na sabuni. Mafuta yakatoka. Ila nilikuwa na hasira na haraka, na hapo nikafanya lile nililowaambia halifanywi. Nililisokota. Sponji lile la zamani likakatika mikononi mwangu, kipande huku, chembe kule, likaisha kama mkate ndani ya chai.

Nikasafisha mikono, nikasema, "Tutaenda bila filta. Ni saa mbili tu."

"Apana," akasema Baba Nestori. Ndiyo mara pekee aliyonikatalia. "Mashine yangu ya kwanza nilifanya vile. Siku mbili, kaka yangu. Vumbi ikakula ndani yote, ikakufa. Na ile mulima iko vumbi kuliko hapa. Itakufia katikati, na mama atabaki kule."

Nilijua anasema kweli. Pikipiki hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu, na Shangazi analijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikiangalia kile kikapu cha plastiki kilichobaki uchi.

"Hiyo kitu ilikuwa ya nini? Inafanana na nini?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Ni sponji tu, Shangazi. Kama godoro."

Tukatazamana. Nikaanza kusema hapana, hapana, tutaomba kwa jirani, tutapata kitu kingine. Kijijini pale watu hulalia mikeka na majani makavu, hilo sote tulilijua. Shangazi aliingia ndani, akalitoa godoro, akafungua mipira mmoja mmoja. Akalitandika juu ya ngozi safi ya ng'ombe aliyoitandaza Mama Diane. Lilikuwa jipya, la njano, bado linanukia duka.

"Mama Diane, niazime wembe."

"Shangazi, usikate. Riziki atasema nini? Bakwe batasema nini?"

"Godoro bila shangazi inamutoa nani?" akauliza. "Niambie kipimo."

Nikamwonyesha kwa mikono. Alilikata mwenyewe, kona ya upande wa miguu, taratibu, midomo ameibana. Alipomaliza alibaki ameushika ule mche wa sponji magotini kwa muda mfupi kabla ya kunipa. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaupasua kwa wembe, unene wa kidole, nikapata tabaka mbili za sponji. Mama Diane akazishona kwa uzi wa gunia, moja ya kuvaa, nyingine ya akiba. Baba Nestori akaleta mafuta ya injini ya mashine yake ndani ya kifuniko cha chupa. Nikapaka, nikakamua kwa kubana, kwa adabu zote, nikavalisha kikapu, nikapaka grisi pembeni hewa isipite kando. Teke la kwanza, ikawaka. Nikakaza mkono, haikusita.

Saa tatu na nusu ya asubuhi ilikuwa imepita. Baba Nestori hakutaka tumshukuru. Alimpa Shangazi kibuyu cha unga kwa ajili ya bibi arusi, akasema na yeye ana mabinti.

Kupanda Ilungu

Kuhusu njia ile sitasema mengi. Ni nyekundu, imekatwa na maji ya mvua zilizopita, na vumbi lake linafika kwenye vifundo vya miguu. Mahali pa mwinuko mkali Shangazi alishuka, akatembea nyuma akilisukuma godoro kwa mabega yote mawili, mimi mbele nikiikaba pikipiki. Mara mbili tulianguka, mara zote mbili kwa upande wa kidumu, na mara zote mbili akaulizia godoro kwanza, mimi baadaye. Injini haikukohoa hata mara moja. Kila iliponguruma nilikuwa najua inavuta pumzi kupitia nini, na sikupata raha nayo.

Tulipotokea juu, jua lilikuwa karibu kichwani. Wakwe walikuwa wamesimama. Wanaume wameshika fimbo zao, kina mama wanafunga mizigo. Baba yangu alikuwa ameketi peke yake, ameinamisha uso. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa.

Shangazi alishuka, akakung'uta kitenge, vumbi likatoka kama moshi. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema tu, "Bakwe zetu, mutusamehe. Njia ilitushika. Miye njo Feza, shangazi yake." Ndani ya nyumba nikasikia Riziki anaanza kulia.

Watu wakafanya nafasi. Shangazi akalitandika godoro mlangoni. Kina mama walianza kupiga vigelegele, kisha vikafa kimoja kimoja. Shangazi wa bwana arusi, mama mrefu mwenye sauti kavu, alikuwa ameinama.

"Hii godoro imekatwa."

Mnajua maana yake. Zawadi ya ndoa haitolewi ikiwa na kasoro. Mtu anayetoa kilichokatwa anaitakia ndoa ikatike. Baba yangu alisimama. Nilifungua mdomo kueleza habari za mawese na baridi na sponji, na nikaona ni hadithi ndefu ambayo mtu yeyote angeiita uongo.

"Asende," Shangazi akaniita. Hakuniita Papa. "Fungua piki-piki yako. Uwaonyeshe."

Nikang'oa kiti mbele ya watu wote. Nikatoa filta, nikaivua kwenye kikapu, nikampa Shangazi. Kwa nje ilikuwa nyekundu kabisa, imelowa mafuta na udongo wa mlima wote. Akaigeuza ndani nje, polepole. Ndani ilikuwa njano, safi kama ilivyokatwa.

"Piki-piki ilikosa pumuzi huku chini," akasema. "Nikaipa kona moya ya godoro. Vumbi yote ya ile njia iko hapa inje. Ndani haikuingia. Kama siyo hii kona, mungekuwa na godoro nzima mu njia, na shangazi haiko. Nilikata miye mwenyewe. Kama iko mubaya, museme."

Yule mama mrefu aliichukua. Aliingiza kidole ndani, akakitazama. Akakipangusa kwenye kitenge chake, hakikuacha alama ya udongo. Kisha akainama, akaiweka filta ile, chafu hivyohivyo, kwenye pengo la kona. Haikulijaza, lakini ilikaa.

"Iko nzima," akasema. "Mutoe mwari."

Mlango ukafunguka. Riziki alikanyaga godoro kwa miguu yake yote miwili, akasimama hapo. Alitakiwa kuendelea kutembea, lakini hakuendelea. Alimkumbatia Shangazi palepale juu ya godoro, vumbi jekundu likahamia kwenye nguo yake nyeupe kifuani na mabegani, na hakuna aliyethubutu kuwaharakisha. Mimi nilijifanya natafuta boliti za kiti.

Kurudi

Nilishuka Jumatatu, pikipiki imevaa kipande cha akiba, kile cha kwanza nimekitia mfukoni. Kwa Baba Nestori nililala tena, nikala tena. Shangazi amebaki Ilungu kwanza, anasema anapumzisha mgongo, lakini najua anataka kuona godoro linalaliwa. Baraka safari hii nilipata filta mpya inayoingia, na chupa ndogo ya mafuta ya injini ninayoiweka chini ya kiti. Mawese yangu sasa ni ya mboga ya sombe tu. Mkitaka kupanda mlima, na ninyi fanyeni hivyo.

Na hivyo vipande viwili mnavyovicheka kwenye kamba, nilikuwa na nia ya kuvitupa. Wiki iliyopita Riziki alishuka Fizi sokoni, akapata mtandao, akanitumia sauti.

"Kaka, kona yangu iko wapi? Bwana yangu muguu yake inaanguka mu tundu kila siku. Nimesha kupata sindano. Niletee, hata kama haijatakata."

Nimevifua mara nne. Udongo wa juujuu umetoka, ila ule wekundu uliozama haujatoka, na jana nimeacha kufua.